Mtu wa Kumi

Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu Kabagwira awe mwandishi wa baraza la kagari, eneo dogo la utawala chini ya sekta, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuandika neno ambalo halikusemwa kikaoni. Majirani walimjua kwa hilo, kama walivyomjua kwa kibanda chake cha kuchapa barua na kujaza fomu za serikali mtandaoni. Kilikuwa kwenye kona ya barabara ya mawe, na mtu aliyefuata cheti cha kuzaliwa alikaa kwenye benchi akiulizwa jina la babu yake herufi kwa herufi. Alizaliwa Ngara, upande wa Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akaingia Kigali akiwa msichana wa miaka kumi na minane. Kiswahili chake kilibaki cha huko. Hapa pembezoni mwa Rwezamenyo, ambako watu huanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kinyarwanda, walimtania kwamba anaongea kama redio.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano, mvua ikiwa imenyesha tangu alfajiri na kukatika saa sita, Kabagwira alifika ofisi ya kagari mapema, akapanga viti vya plastiki, akaweka karatasi ya mahudhurio mezani. Kikao kilikuwa cha saa tisa. Ilipofika saa tisa na robo alihesabu watu waliokuja, akijihesabu na yeye mwenyewe. Wanane.

Baraza lilikuwa na wajumbe kumi na watano, na kanuni yake ilikuwa fupi: bila kumi hakuna kikao. Watu wakipungua, wanasubiriwa saa moja, kisha mwenyekiti anaahirisha na kila mtu anarudi kwake. Siku nyingine isingekuwa msiba. Lakini kesho yake, Ijumaa, orodha ya kazi za mwaka ilitakiwa iwe imefika sekta kabla ya adhuhuri, na katika ajenda saba za siku hiyo, ya nne ilikuwa ngazi za mteremko. Kisichokuwemo kwenye orodha kingesubiri mwaka mwingine.

Suala la ngazi lilikuwa limepigwa danadana vikao vinne mfululizo. Mara mbili akidi haikutimia kabisa. Mara ya tatu ajenda iliwekwa mwisho, na walipoifikia watu walikuwa wameanza kuchomoka mmojammoja, huyu ana mgonjwa, yule ana mgeni. Mara ya nne umeme ulikatika na mtendaji akasema tutaendelea siku nyingine.

Mteremko wenyewe ulikuwa njia ya udongo mwekundu, kama mita mia moja na ishirini, kutoka barabara ya mawe hadi nyumba za bondeni. Nyumba hizo zilikuwa sitini na kitu, na njia ya kutokea ilikuwa hiyo moja, labda mtu azunguke kwa mguu karibu nusu saa. Kiangazi palikuwa vumbi. Masika palikuwa sabuni.

Mwezi wa kumi na moja uliopita alifariki mke wa Mzee Usumani, mwenyekiti wa baraza. Nyumba yao iko bondeni. Wanaume sita walilibeba jeneza mabegani kulipandisha barabarani, wengine wakipokezana nyuma, na katikati ya mteremko aliyekuwa mbele aliteleza. Jeneza lilishuka likapiga ubavu kwenye tope, na ile shuka ya kijani iliyolifunika ikabadilika rangi. Kabagwira alikuwa amesimama juu na wanawake wengine, akakimbilia kibandani kwake akachukua dumu la maji, akateremka nalo akishika majani. Mzee Usumani alipiga magoti palepale, akalipokea dumu, akaliosha jeneza kwa mkono wake mpaka likatakata. Kisha akainuka akasema, "Haya, twendeni," wakaendelea.

Tangu siku hiyo mzee hakuwahi kutamka neno ngazi barazani. Kabagwira alipomuuliza, alijibu, "Mimi ni mwenyekiti, Mama Kaliza. Nikisema mimi, watasema nimejitafutia." Kabagwira hakubishana naye. Alikwenda nyumba kwa nyumba bondeni akakusanya saini, akaandika pendekezo kwa jina lake, akaliingiza kwenye ajenda. Na lilipoahirishwa, aliliingiza tena.

Sasa ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano, na wanane walikuwa bado wanane. Alitoka nje akapiga simu. Wawili walikuwa Huye harusini. Mmoja alikuwa hospitali ya Kibagabaga akimuuguza mtoto. Mwingine alikuwa safarini Kampala, na mwingine, anayefanya kazi benki, simu yake imezimwa. Wakabaki wawili. Gahongayire alikaa bondeni, nyumba ya mwisho kabisa, na alipopokea simu alisema, "Ningekuja, lakini umeiona njia? Magoti yangu haya siyaamini."

Mwingine alikuwa Mugenzi, na huyo duka lake lilikuwa dakika tano tu kutoka ofisini. Kabagwira hakumpigia. Kila mtu alijua kwa nini Mugenzi hayupo. Alikuwa amesema waziwazi mtaani kwamba ngazi hazitaki.

Alirudi ndani. Bernard, katibu mtendaji wa kagari, ambaye watu humwita gitifu, alikuwa amekaa na simu yake akijibu ujumbe wa sekta. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ripoti, na ripoti zake zilikuwa nyingi kuliko siku za wiki. Alikuwa mwajiriwa, si mjumbe, kwa hiyo hakuhesabiwa kwenye akidi. Alimwita Kabagwira pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Mama Kaliza, tusijisumbue. Wale wawili wa Huye wanaunga mkono ngazi, si ndiyo? Wapigie, wakikubali kwa simu, uandike walikuwepo. Watasaini Jumatatu. Tufunike kombe mwanaharamu apite."

Bernard alisomea Mwanza, na methali zake alizichukua huko. Kabagwira alimtazama. Kilichomtisha ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Mistari miwili tu, na ngazi zingekuwa kwenye orodha kesho asubuhi.

"Mugenzi akisikia?" aliuliza.

"Atasikiaje?"

"Hawa wanane wana midomo. Na hata asiposikia. Mimi sitaandika kwamba mtu aliye Huye amekaa kwenye kiti hiki."

"Basi saa kumi tunaahirisha, na ngazi ndiyo kwaheri."

"Saa kumi haijafika," alisema Kabagwira.

Aligeuka kwa wajumbe. Norman, mwanamume wa miaka arobaini na kitu aliyekulia Mbarara, dereva wa familia moja ya Nyarutarama, alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya kikao, na bado amevaa shati lake jeupe la kazi. "Norman, kaka yangu," Kabagwira alimwambia, "unaweza kushuka ukamshike mkono Gahongayire apande?"

Norman aliangalia viatu vyake, akaangalia saa. "Naweza," akasema, akaanza kukunja suruali.

"Na Mugenzi?" aliuliza Mzee Usumani kutoka kiti chake cha mbele. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu afike.

"Naenda mwenyewe."

"Utamwambia nini?"

"Bado sijui, mzee."

Mugenzi aliuza rangi, misumari na vigae, na kazi aliyoipenda ni kukata vioo vya madirisha. Kabagwira alimkuta ameinama juu ya meza ndefu, rula ya chuma mkononi, kioo kikubwa kimelala kwenye blanketi kuukuu.

"Mama Kaliza," alisema bila kuinua macho, "kama ni mambo ya kikao, mimi leo sina nafasi. Iko kioo cha watu hapa."

"Maliza kukata, Baba Kenny. Nitasubiri."

Alikaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Mugenzi hakuharakisha. Alipima, akafuta, akapima tena, akapitisha kisu cha kukatia kioo kwa mstari mmoja uliotoa mlio mwembamba, kisha akakigonga chini kwa kidole mpaka kikaachia. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika ishirini na mbili. Kabagwira aliiona, akaondoa macho.

Mugenzi aliviegemeza vipande viwili ukutani. "Mko wangapi?"

"Wanane. Gahongayire analetwa, atakuwa wa tisa."

Mugenzi alicheka kidogo kwa pua. "Kwa hiyo mimi ndiye wa kumi."

"Wewe ndiye wa kumi."

"Na mimi nikikaa hapahapa kwangu, ngazi zimekufa. Bila mimi kufungua mdomo."

"Ndiyo."

Huenda alitegemea abishiwe. Alichukua kitambaa akaanza kujifuta vidole kimoja kimoja. "Sasa unataka nije nipige kura ya hapana? Wewe ambaye umetembeza karatasi nyumba zote?"

"Nataka uje. Kura ni yako."

"Mimi sitaki ngazi, na nitakwambia kwa nini, kwa sababu wewe unajua na umejifanya umesahau." Sauti yake haikupanda, lakini alikuwa ameacha kujifuta. "Mwaka juzi mlijenga ule ukuta wa mawe kule juu, wa kuzuia udongo. Maji yakakosa pa kupita, yote yakaja nyumbani kwangu pale mteremkoni. Ukuta wa jiko la mama yangu ukalala. Mama alikuwa hai bado. Alipikia nje miezi mitatu, kwenye mvua, mwanamke wa miaka sabini na nane, amejifunika turubai. Nikaja kikaoni. Nikasema. Unakumbuka mliandika nini?"

Kabagwira alikumbuka. Alitamani asikumbuke, lakini mistari aliyoandika yeye huwa haimtoki. "Maoni ya Bwana Mugenzi yamepokelewa," alisema.

"Maneno matano. Nilisema nusu saa nzima, mkaandika maneno matano. Yalipokelewa na nani, Mama Kaliza? Yakawekwa wapi?"

Mteja aliingia, akaulizia misumari, Mugenzi akamwashiria arudi baadaye. Kabagwira alibaki ameikalia ndoo. Siku zote alijivunia kwamba haandiki lisilosemwa. Hakuwahi kujiuliza kuhusu yaliyosemwa na kuachwa. Kikao kile kilikuwa kirefu, saa kumi na mbili ilikuwa imepita, mtendaji wa wakati ule, kabla ya Bernard, alimwambia afupishe, naye akafupisha. Mkono wake ndio ulioandika.

"Niliandika mimi," alisema mwishowe. "Siwezi kusema sikukusikia, nilikusikia vizuri. Watu walikuwa wamechoka, nikaambiwa nifupishe, nikakufupisha wewe. Nisamehe, Baba Kenny."

Mugenzi alikunja kitambaa akakiweka mezani.

"Leo nitaandika yote. Utakavyosema ndivyo nitakavyoandika, na kabla ya kura nitayasoma kwa sauti mbele ya watu. Ukisema nimeacha neno, tutarudi nyuma mpaka liingie."

"Na nikipiga hapana?"

"Nitaandika hapana, na sababu zake chini yake."

"Sitabadilika."

"Sijakuomba ubadilike. Mara nne umesema hapana kwa kutokuja. Iseme mara moja kwa mdomo, watu waisikie, ijulikane ni ya nini. Hivi sasa kule bondeni wanasema Mugenzi ana roho mbaya tu."

Hilo lilimwingia, Kabagwira aliliona usoni mwake. Mugenzi aliitazama saa, akavitazama vile vioo, kisha akamgeuzia mgongo akaanza kutafuta kitu kwenye rafu.

"Tangulia," alisema.

"Unakuja?"

"Nimesema tangulia."

Kabagwira aliondoka. Hakutembea haraka wala hakugeuka nyuma. Alijua mtu wa aina ya Mugenzi ukimsukuma mara ya pili anakaa chini.

Ofisini alimkuta Bernard amesimama mlangoni. Saa kumi kasoro dakika sita. Kutoka upande wa mteremko Norman alikuwa anakuja amemshika Gahongayire mkono, wote wawili tope limefika magotini, na shati jeupe la Norman lina alama ya kiganja begani. Gahongayire, mama mnene wa miaka sitini na tatu, alisimama mlangoni akahema.

"Nimeanguka mara mbili," alisema. "Nimeleta na ushahidi." Akaonyesha kitenge chake.

Wakacheka, wakampa kiti. Tisa. Kabagwira alikaa mezani akafungua daftari, akaandika tarehe. Bernard alikaa, akasimama. Mzee Usumani alikuwa ameshika saa yake ya mkononi, akiitazama kama mtu anayesubiri adhana.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, Mugenzi aliingia. Chini ya kwapa alikuwa na daftari lenye jalada la bluu. Alisalimia, "Mwiriwe," akavuta karatasi ya mahudhurio, akasaini kwenye mstari wa kumi, akakaa kiti cha nyuma kabisa.

"Akidi imetimia," alisema Mzee Usumani. "Tunafungua kikao."

Kabagwira aliinua mkono kabla hajamaliza. "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba ajenda ya nne iwe ya kwanza. Wote tunajua inavyokuwa jioni." Hakuna aliyepinga. Hapo Mzee Usumani alifanya jambo ambalo hawakulitarajia. Alisimama, akakitoa kiti chake cha mbele kwa makamu wake, mwalimu Ihirwe.

"Mteremko huu una jambo langu, na mnalijua," alisema. "Siwezi kuendesha maneno haya. Nitakaa na wajumbe, na kura sitapiga." Akaenda akakaa karibu na Gahongayire.

Mwalimu Ihirwe alimpa Kabagwira nafasi ya kusoma pendekezo, naye akalisoma lilivyo, dakika tatu. Kisha akasema, "Bwana Mugenzi ana hoja. Naomba apewe muda wake wote."

Bernard alikohoa. "Kwa ufupi, jamani, tuna ajenda saba."

"Si kwa ufupi," alisema Kabagwira.

Mugenzi alizungumza dakika ishirini na tano. Mwanzoni maneno yalimtoka kwa shida, akianza kwa Kiswahili akirudi kwenye Kinyarwanda, halafu akafungua lile daftari la bluu na sauti ikakaa sawa. Misimu miwili ya mvua alikuwa amesimama uani kwake akitazama maji. Alikuwa ameandika yanatoka wapi, yanapita wapi, yanapanda mpaka wapi kwenye ukuta. Alisema njia ya udongo hunywa sehemu ya maji, lakini saruji hainywi kitu. Mkiweka ngazi, alisema, mmejenga mfereji bila kujua, na mdomo wake ni mlango wangu. Mama yake hayupo tena, ila wanaokaa nyumba aliyoiacha mle uani sasa ni mwanawe Kenny na mkewe, na mtoto wa miezi miwili.

Kabagwira aliandika mpaka kidole cha kati kikafanya shimo. Mugenzi alipokaa, alisimama akasoma yote aliyoandika.

"Hapo," alisema Mugenzi. "Umeandika maji mengi. Mimi sikusema maji mengi. Nimesema maji ya mapaa kumi na saba. Niliyahesabu."

Kabagwira alikata, akaandika mapaa kumi na saba, akasoma tena. Mugenzi akatikisa kichwa kukubali.

Ndipo Gahongayire aliposema, bila kusimama, kwa sababu ya magoti. "Mimi niko chini ya huyu Mugenzi. Maji yakitoka kwake yanakuja kwangu. Kwa hiyo ya maji ni kweli. Lakini na ya kuanguka ni kweli, mmeniona. Kwani hatuwezi kuchimba mfereji kwanza, upande, wa kuyashusha mpaka kwenye mto mdogo, ndipo ngazi zije?"

Walilijadili hilo kwa muda mrefu. Norman aliuliza mfereji utapita upande gani, Mugenzi akainuka akachora ubaoni kwa chaki, kama mtu anayelijua jambo asivyoweza kujizuia. Bernard alitazama fomu ya sekta akasema tatizo ni moja: kazi moja kwa mwaka kwa kila kagari, kwa fedha zenye kikomo, na mfereji pamoja na ngazi zote haviwezi kuingia. Mfereji mzima na nusu ya ngazi, labda.

Kabagwira alisikia hayo kama kofi. Nusu. Alikuwa ameiona njia yote, kutoka juu mpaka chini, kila alipofumba macho tangu mwezi wa kumi na moja. Alifikiria kusimama na kupigania ngazi zote, mfereji ungoje. Kura angeweza kuzipata, maana ukumbini wengi walikuwa upande wake. Akatazama daftari lake, kurasa mbili na nusu za maneno ya Mugenzi. Wino haujakauka vizuri.

"Nabadilisha pendekezo langu," alisema. "Mfereji wote. Ngazi nusu mwaka huu, tuanzie chini, ambako ni kukali zaidi. Nusu ya juu mwakani."

Mwalimu Ihirwe aliita kura. Walioafiki walikuwa saba. Mzee Usumani hakupiga, kama alivyosema. Waliopinga walikuwa wawili, mmoja wao Mugenzi.

"Hata na mfereji?" Norman alimuuliza.

"Mfereji bado uko kwenye karatasi," alisema Mugenzi. "Nitauamini nikiuona. Andika hivyo, Mama Kaliza."

Kabagwira akaandika hivyo.

Ajenda zilizobaki zilikwenda kama zinavyokwenda siku zote: taa mbili za barabarani zilizoungua, mbwa wanaozurura, baa moja inayopiga muziki Jumapili asubuhi watu wakiwa kanisani. Mugenzi hakuondoka. Alichangia hata kuhusu mbwa.

Ijumaa Kabagwira alifungua kibanda saa moja asubuhi, akamweleza mtu wa kwanza benchini kwamba leo atasubiri kidogo, akachapa muhtasari. Ulifika kurasa tano. Bernard aliupokea akaupitishia vidole, akakunja uso. "Sekta hawatasoma yote haya."

"Wasisome. Yawepo."

Bernard aliangalia saa, akasaini kila ukurasa, akaupiga picha akautuma saa tano na robo. Kabla hajaondoka alisema, bila kumtazama, "Yale ya jana, ya simu. Usiyaweke moyoni."

"Hayakusemwa kikaoni," alijibu Kabagwira. "Sikuyaandika."

Sekta walikubali mwezi wa saba. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu wa mteremko na wa juu walitoka na majembe na sururu kuchimba mfereji. Fundi aliyeletwa alikuwa ameshaweka kamba. Mugenzi alifika amebeba mpira mrefu unaopitisha mwanga, umejazwa maji, wa kupimia usawa, akaulaza kando ya ile kamba. Akamwambia fundi kwamba katikati pale maji yatasimama. Fundi akakataa. Wakabishana karibu saa nzima, wengine wameegemea majembe, mpaka fundi mwenyewe akapima kwa ule mpira, akaisogeza kamba nusu mita. Mzee Usumani, kanzu ameikunja kiunoni, alikuwa akipanga mawe na wenzake na hakuinua kichwa. Kabagwira alipopita na ndoo ya kokoto, Mugenzi alimwambia, "Mimi nilipiga hapana, usisahau."

"Imeandikwa," alisema Kabagwira. "Shika upande huu."

Mvua za kwanza zilipokuja, maji yalishuka kwenye mfereji yakielekea mto mdogo, na uani kwa Kenny palilowa kama ua mwingine wowote. Ngazi zilikuwa thelathini na nane, kutoka bondeni mpaka katikati. Asubuhi moja Kabagwira, amesimama juu mlangoni mwa kibanda, alimwona Gahongayire akizipanda amevaa viatu vyake vya kanisani, mkono mmoja umeshika ukuta. Alipofika ya mwisho alisimama, akavivua viatu, akavitia kwenye mkoba, akaanza kupanda udongo. Alichukua muda mrefu kufika juu.

"Zikoje?" Kabagwira alimuuliza, akimpa mkono.

"Za chini nzuri." Gahongayire alikaa kwenye benchi, akachukua kitambaa akajipangusa miguu. "Hizi za juu ni lini?"

"Zimo kwenye ajenda ya Alhamisi. Saa tisa kamili."

"Mko wangapi?"

Kabagwira alifungua daftari akahesabu waliokwisha kuthibitisha. "Na wewe, kumi na wawili," alisema.

"Haya," alisema Gahongayire, akavaa viatu. "Niandike."